Usukani wa Upande wa Kushoto

Hapana baba, ndege haijakukataa. Ndege ni povu jeupe la kwenye boksi la friji, mwanzi mmoja na solotepu, itakukataaje? Nilimwambia hivyo leo mchana tukiwa mkekani, wali unapoa, maana alikuwa keshatamka kwamba kuanzia leo rimoti ni yangu, yeye atakuwa ananisindikiza tu uwanjani.

"Mama," akasema. Ananiitaga mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mie nimejionea. Ikiwa kwangu inaruka kama kuku. Ikija kwako inatulia. Sasa unataka nani aje aniambie?"

"Ishu ni usukani, baba. Sijaupatia bado."

"Umeushika asubuhi nzima huo usukani."

Mama yangu mzazi akadakia, "Kuleni kwanza. Hiyo ndege haina njaa."

Tukala. Yaani yeye na kijiko chake, mkono wa kushoto, kichwa chini.

Baba ni mchonga vinyago, alikuja Dar kutoka Kusini akiwa kijana. Haya mambo ya glaida tuliyaanza nikiwa form two. Nilitakiwa nipeleke kitu kwenye maonyesho ya sayansi shuleni, nikachonga bawa likatoka kama mwiko. Baba akaliangalia, akaniangalia, akachukua kisu. Tangu hapo ikawa kazi yetu, yeye anachonga, mie nafunga nyaya. Injini haina. Unairusha kwa mkono, inaelea, na wewe huku chini unaigeuza kwa rimoti. Ukisukuma kijiti cha kulia pembeni, kimota kidogo tumboni kinavuta spoku ya baiskeli, spoku inakunja usukani kule mkiani, ndege inakata kona. Hii ya sasa ndo nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Mabawa yake aliyamaliza kulainisha muda mfupi kabla ya kiharusi.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu umerudi, maneno yamerudi, utani ndo ulikuwa wa kwanza kurudi. Mkono unachelewa. Kidole gumba kinasukuma chote au hakisukumi, katikati hakuna.

Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kushika rimoti tangu augue. Tulienda mapema kwenye ule uwanja wa huku kwetu Wazo, kabla upepo wa baharini haujaanza, maana ndege ikiwa inarekebishwa haitaki upepo. Mzee jirani, anayechezaga naye bao, alikuja na kiti chake cha plastiki kabisa. Nikamvalisha baba rimoti shingoni kwa kamba aliyoshona mama kutoka kwenye kipande cha khanga, nikarusha. Baba akagusa kijiti. Glaida ikalala ubavu, ikajipiga chini.

"Fundi," jirani akaita, "huyo kunguru wako kalewa saa hizi?"

"Usukani mkali," baba akasema. Hakucheka.

Nikamwamini. Mkiani kuna kipande cha kadi ya plastiki kimebandikwa kwenye usukani, kina matundu, spoku imechomekwa humo. Ukiihamishia tundu la nje, usukani unakunja kidogo. Nikahamisha, tukarusha, ikajipiga tena. Nikaenda na kwenye kimota, nikaweka tundu la ndani kabisa ili ikunje kidogo zaidi. Sasa haikujipiga. Ila haikugeuka pia. Baba kasukuma kijiti mpaka mwisho, ndege inaenda zake tu kama mtu anayeitwa na mdai, mpaka ikaingia kwenye fensi ya michongoma.

"Angalau huyo kanyooka," jirani akasema.

Mie sina subira, kwetu wote wanajua. Nikachomoa miiba, nikabandika bawa solotepu, nikarudisha spoku kwenye matundu ya mwanzo. "Lete baba, nijaribu mie." Nikamvua rimoti shingoni hata hajajibu. Ndege ikazunguka uwanja mzima, duara pana, tulivu, imelala upande kidogo tu kama mtoto anayesinzia. Jirani akapiga makofi. Baba naye akapiga, mkono wa kushoto kwenye paja lake. Alifurahi kweli, sio kwa kuigiza. Na nadhani hapo hapo ndo aliamua, ila mie nilikuwa naangalia juu.

Basi, baada ya ule ubishi wa mchana nikanuna. Jioni nimekaa barazani nanyoosha spoku, baba yuko pembeni na karedio kake anatafuta mpira. Kale karedio ni ka zamani, kana kigurudumu ubavuni, ukikizungusha kidogo tu umeshapita stesheni. Mie kananishindaga, nakaachia njiani. Baba kakashika kwa kushoto, kidole gumba kinaenda, kinarudi, kinaenda nusu ya pale, kelele zikapungua, sauti ya mtangazaji ikatoka safi. Hata hakukaangalia. Alikuwa anaangalia kuku wa watu.

Nikaacha spoku. Nilitaka kupiga kelele palepale, baba, hicho kidole ndo rubani!

Bahati nzuri jirani akaingia. "Fundi, habari ya marubani?" Akanyoosha mkono. Baba akaweka redio chini haraka, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua kama unavyonyanyua kitu cha mtu usije ukakivunja, akamsalimia jirani. Wa kulia kwa wa kulia. Anafanyaga hivyo kwa kila mtu. Na mgeni akiwepo mkekani, baba ameshiba, hata kama hajala tangu asubuhi. Kijiko chake mama anampelekea chumbani. Huyu ndo mtu aliyenirudishaga mlangoni nikiwa mdogo, nianze upya, kwa sababu nimepokea andazi kwa kushoto.

Kwa hiyo habari ya kidole nikaiweka kiporo. Nikasema tu shikamoo kwa jirani, nikaingia ndani na glaida yangu.

Asubuhi nzima nimehangaika na mkia wakati usukani hauna kosa. Nilikuwa naupunguza ukali ili uufuate mkono ambao bado haujapona, na kila nikipunguza nampokonya ndege kidogo. Kumbe kwenye risiva, kile kiboksi kinachopokea amri za rimoti, kuhamisha kona kutoka kijiti cha kulia kwenda cha kushoto, ambacho kwetu hakina kazi, ni kuchomoa waya mmoja na kuuchomeka tundu lingine. Basi. Kupanda na kushuka kutabaki kulia, ndege yenyewe ikitulia haihitaji kuguswa sana.

Waya ni kazi ndogo. Kazi ni macho ya jirani.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kesho asubuhi, baba akiwa bado anaswali, nahamisha waya, naacha spoku kwenye matundu ya mwanzo, nasimama nyuma ya ndege nahakikisha nikisukuma kushoto usukani unaenda kushoto. Jirani nitamwita mwenyewe, aje na kiti chake. Halafu nitaanza mie, mbele yao, kwa mkono wa kushoto. Najua nitaipiga chini, kidole changu cha kushoto hakijui kitu, na jirani atasema anachosema. Acha aseme. Nikishaiokota nitamwendea baba, nitampa rimoti kwa mikono miwili kama alivyonifundisha, nimwambie, "Baba, huku kushoto mie nimeshindwa. Nionyeshe."