Mshenga Ndani ya Maji

Mjukuu wangu alikuja Kiswere kupumzika kabla ya kwenda kusimama mbele ya walimu wake wa chuo. Kupumzika kwenyewe sikukuona. Kila baada ya alasiri ananifuata barazani, nami nasuka ukili wa mkeka, mgongo unaniuma.

"Bibi, nisikilize tena. Nikishindwa kueleza, narudia mwaka."

"Haya, mke mwenzangu, sema. Masikio bado yapo."

Akasema miili yetu imejengwa kwa vipande vidogo mno, amino asidi, vikishikana kama mkufu. Mkufu mfupi wanauita peptidi. Majina ya vipande alinitajia mara moja nikayashika: glisini, alanini, arjinini. Mimi majina hayanipotei, ya walio hai na ya waliotangulia, na hayo ya pili ndiyo yanayonichosha. Yeye alichokuwa akisomea ni hiki: hapo mwanzo, kabla ya kiumbe chochote, vipande hivyo viliunganaje ndani ya maji?

"Havikuungana," nikamwambia. "Ukili huu niutupe kwenye maji, si utaoza wote?"

"Ndiyo shida yenyewe, bibi. Maji yanapenda kuachanisha. Lakini kipande kikishikwa mkiani na salfa, kinakuwa tayari kuungwa. Maji hayakiwahi. Kinakuja kipande kingine, kinashika palepale mkiani, salfa inaachia."

Salfa, akasema, ndiyo inayolipatia tope la mikoko ile harufu ya yai viza.

Akaeleza tena na tena, na kila mara alikwama palepale: kwa nini salfa iachie. Machozi yakamlenga. Mimi nilikuwa nimechoka, nataka ubavu wangu uguse kitanda.

"Si mshenga huyo? Anakwenda kwa wazee wa mume, anakwenda kwa wazee wa mke, ndoa ikifungwa anashika njia. Akibaki chumbani utamwambiaje?"

Akacheka mpaka akakalia ukili wangu.

"Kweli, salfa haishiki kwa nguvu. Tena inakwenda kuposa kwingine."

"Na mshenga ni hivyohivyo. Inuka, unaniharibia kazi."

Juzi alipiga simu. Amefaulu. Alipofika pale pa kukwama alimtaja mshenga, mwalimu mmoja akacheka, naye akapata pumzi ya kuendelea.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Bibi, nakuja kupumzika."

"Njoo, mke mwenzangu. Lakini safari hii tulale."