Abti Alivyorekodi Salamu Juu ya Wimbo Wetu

Mimi nimeokoka mambo mengi. Nimeokoka ukame uliomaliza ng'ombe wa baba, nimeokoka risasi za barabara ya Liboi nikiwa nimelala katikati ya magunia ya sukari, na nimeokoka mume wa kwanza, ambaye alikuwa mbaya kuliko ukame na risasi zikiungana. Shule niliishia darasa la tano. Basi mtu asije kunifundisha kusamehe. Wengine wakizeeka husema yaliyopita si ndwele. Mimi kila mkosaji nimemweka mahali pake, kama vyombo kabatini, na kuna siku nawatoa, nawapangusa vumbi.

Leo nawatoa wale wa kaseti. Ni watatu: abti wangu, yaani kaka ya mama yangu, muuza duka wa pembeni, na jirani yetu mwenye macho marefu. Majina siandiki. Wenyewe wanajijua, na watoto wao wanajua. Shida ni kwamba hadithi hii nikiianza kwa hasira, naimaliza nimeshika tumbo kwa kicheko.

Ilikuwa miaka ya tisini, Garissa. Tuliishi boma moja: abti, ayeeyo, yaani nyanya yangu, mama yao wote, mama mdogo aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, binti yake, na mimi. Huyo binti alikuwa dada yangu kwa damu na pacha wangu kwa upuuzi. Kaseti aliileta dereva wa lori kutoka Liboi. Mama mdogo alimnywesha maziwa siku alipokuwa na homa, naye aliporudi akamwachia hiyo kama shukrani. Mama mdogo hakuwa na haja nayo. Sisi ndio tulikuwa na haja.

Waimbaji walikuwa wawili tu, mwanamume na mwanamke. Mwanamume gitaa, mwanamke kaban, ule udi wetu wa nyuzi. Hakuna ngoma, hakuna kinanda cha kelele za harusi. Nyimbo walitunga wenyewe, tena juu ya vitu ambavyo hakuna mtu alikuwa ametuambia vinaweza kuimbwa: chai iliyomwagika, mbuzi anayeficha maziwa, ndara moja iliyopotea. Mwanamume analalamika, mwanamke anamjibu, kama watu wanaogombana huku wanapika pamoja. Upande wa kwanza wanapendana na kujifanya hawapendani. Upande wa pili, lori linakuja kumchukua mwanamke kwenda mbali, na wewe unayesikiza hujui kama atapanda.

Walaahi, tulirukwa na akili. Mama mdogo akienda sokoni na abti akilala usingizi wa mchana, tuliiba redio yake tukajifungia jikoni. Mimi nilikuwa mwanamume, mwiko ndio gitaa. Dada yangu alikumbatia birika likawa kaban, na masizi yakamjaa kifuani. Tuliimba kwa kunong'ona ili abti asiamke, na kuimba kwa kunong'ona kunachekesha kuliko kitu chochote duniani. Mawe ya redio, yaani betri, tuliyaanika juu ya mabati yapate jua, maana ukiyaanika yanafufuka kidogo. Yakichoka, yule mwanamume aliimba kama ngamia anayelazimishwa kupiga magoti, nasi tulianguka chini tukiumana shungi ili sauti isitoke.

Wimbo wa mwisho hatukuusikia. Dada yangu alikataa. Alikuwa ameposwa na mtu wa Bute, na lori la kumpeleka lilikuwa la Alhamisi. Kwa mama mkwe wake, tuliambiwa, redio ni ya habari na Kurani tu.

"Huu tunauweka," alisema. "Tutausikiza Jumatano, siku ya hina. Nikijua yule amepanda lori lake, na mimi nitapanda langu."

"Na kama hajapanda?"

"Basi wewe utanitorosha, abaayo, dada yangu. Si wewe ndiye mwanamume?"

Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo sikuligusa jambo hilo kwa mzaha tena, maana mchumba wake, dada yangu alikuwa amemwona mara moja tu, tena kwa mgongo, akipanda gari.

Jumatano ikafika, na abti akaamka mapema.

Siku hizo watu wetu hawakuandikiana barua. Nani angeandika, na nani angesoma? Tuliongea ndani ya kaseti, msafiri akaibeba. Nyumba nzima inakaa mkekani, kila mtu anatoa salamu zake kwa zamu, wakubwa kwa wadogo, kisha mifugo inatajwa mmoja mmoja. Na kulikuwa na adabu yake: kaseti haipelekwi na nafasi tupu. Ni kama kumpa mgeni kikombe nusu. Abti alitaka kumpasha habari za harusi kaka yake aliyekuwa Canada, na msafiri alikuwa anaondoka jioni hiyo.

Akaenda kwa muuza duka. Muuza duka akamwambia, "Kaseti tupu hakuna, barabara mbaya." Mwongo! Katoni nzima ilikuwa chini ya meza, amewawekea watu wa harusi kubwa. Niliiona kwa macho yangu wiki iliyofuata.

Abti angerudi mikono mitupu, yakaisha. Lakini jirani yetu alikuwa pale akinunua majani ya chai.

"Kwani ile ya wasichana wako?" akamwambia. "Iko chini ya gunia la mkaa. Mchana kutwa wanatikisa mabega, wewe unakoroma."

Kaseti ya kununua huwa na vitundu viwili mgongoni ili isirekodiwe juu yake. Ukiviziba, inakubali. Abti hakujua kubadilisha hata kioo cha taa, lakini hilo alilijua. Alitafuna karatasi ya majani ya chai mpaka ikalainika, akaviziba mbele yetu.

"Abti, tafadhali, tumia upande wa kwanza," dada yangu akasema.

"Upande wa kwanza iko ya wazee, wataongea baada ya swala. Hii kitu imeimba ya kutosha. Leo itasema maneno ya maana."

Dada yangu hangeweza kuinyakua. Mikono yote miwili ilikuwa imepakwa hina mbichi, ameiinua juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Tukakaa mkekani. Abti akabonyeza, akasema bismillahi, na salamu zikaanza kula nyimbo zetu.

"Mbuzi amekwenda," dada yangu akaninong'oneza akichungulia kidirisha cha kaseti.

Mama mdogo akasalimu.

"Ndara imekwenda."

Ndipo kicheko kikatushika, kile cha mazishini, ambacho kadiri unavyokibana kinapanda puani. Ayeeyo alipopewa zamu alipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Hooyo, mama, pole pole," abti akasema. "Ni kaseti tu."

"Canada iko hapo mtoni? Si wewe uliniambia ni siku nzima kwa ndege?" Akaendelea kwa sauti ile ile. "Mwanangu! Yule ngamia wa sikio lililopasuka amezaa! Jike!"

Akaleta dua, ndefu. Abti akashika zamu yake, akamsifu bwana harusi, akawasifu baba zake, akajisifu mwenyewe kidogo. Mimi nilikuwa nikitazama magurudumu ya kaseti. Yalikuwa yanazunguka kama punda wa maji aliyefika mlimani. Mawe yalikuwa yanakufa, na abti hakujua, maana ukirekodi husikii ngamia. Mwisho yakachoka kabisa. Magurudumu yakasimama.

"Imejaa," abti akasema kwa furaha.

Haikuwa imejaa. Dada yangu aliona, akanipiga kiwiko cha mbavu. Utepe ulibaki.

Lakini abti alikuwa mtu wa kupenda sauti yake. Alitaka kuisikia kabla haijapanda ndege. Redio ikakataa, nikatumwa kwa yule yule muuza duka kuchukua mawe mapya, na nyuma yangu akaja jirani, kusikiza asiyoitiwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Salamu za mama mdogo, safi. Halafu ayeeyo, aliyerekodiwa mawe yakichoka, mawe mapya yakamkimbiza: akaanza kupanda sauti, akapanda, mpaka akawa mtoto mchanga anayelilia ngamia. Dua yake ikapita mbio kama mtu anayekimbia mvua. Na abti wetu, mwenye ndevu za hina, mwenye kifua, akatoka mle ndani kama kifaranga.

"Ni nani huyo?" ayeeyo akauliza.

"Ni abti," nikasema.

"Nani amemkanyaga?"

Hapo hakuna aliyebaki mzima. Mama mdogo alilia machozi. Jirani alirudi nyuma akicheka, akakalia bakuli la hina, na mpaka leo mimi naihesabu kuwa ndiyo haki pekee niliyowahi kupata Garissa. Abti akasimama, amevimba. Kifaranga kikamaliza kumsifu bwana harusi, kikakatika, na bila mtu kutegemea, kaban ikaanza.

Ulikuwa wimbo wa mwisho. Mzima.

Abti akanyoosha mkono kuzima. Ayeeyo akampiga kofi la vidole. "Acha. Hao ni wageni, wanaongea. Mgeni hakatizwi."

Mwanamke anaimba anachofunga kwenye mzigo wake. Mwanamume anaimba atakavyowajibu watu wakimuuliza yuko wapi. Mwanamke anaweka mguu juu ya gurudumu la lori, na hapo hapo mwanamume anakosea gitaa, kosa baya, la aibu. Mwanamke anacheka katikati ya neno. Mwanamume naye anacheka. Wanajaribu tena, wanashindwa, na kaseti inaishia hapo, wanacheka.

Dada yangu alikuwa bado ameinua mikono. "Sasa amepanda au hajapanda?"

"Amepanda," ayeeyo akasema, "na huyo mjinga amepanda naye. Mtu anayeachwa chini hacheki hivyo."

Abti akarudisha kaseti mwanzo, akatukalisha wote mkekani tena, akarekodi yote upya kwa mawe mapya, akahakikisha imejaa mpaka ukingoni. Wimbo ukaliwa. Tuliusikia mara hiyo moja. Sijauona tena sokoni, sijausikia kwa mtu.

Alhamisi dada yangu aliweka mguu juu ya gurudumu la lori la Bute, viganja vyekundu, akageuka akaniangalia, akakuna hewa kwa vidole kama mtu anayekosea kaban. Akapanda akicheka, na wazee wakasema bibi harusi hana haya.

Jibu lilikuja baada ya miezi, kwa kaseti mpya ya Canada. Tulikaa mkekani kama kawaida. Abti wa huko alishukuru, akampongeza ngamia, kisha akasema, "Lakini ni nani hao wasichana wawili wanaocheka nyuma ya dua ya Hooyo? Naicheza kila siku kwa ajili yao. Mkinijibu, waongezeni."

Abti alinitazama, akarekodi jibu siku iliyofuata nikiwa nimetumwa mtoni.

Hilo pia nimeliweka kabatini.