Stempu Tisa Nilizoziosha kwa Ndimu

Kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, niliamini kwamba huko Ulaya kuna mzungu tajiri anayebadilisha stempu moja kwa mtamba mmoja. Sharti lake lilikuwa moja tu: stempu isiwe na alama ya muhuri wa posta. Unamtumia, naye anakutumia mtamba kwa ndege hadi uwanja wa Malindi. Mtamba huyo hushuka ngazi akiwa amevishwa soksi miguu yote minne, ili kwato zisikwaruze sakafu ya ndege. Zile soksi ndizo zilizoniaminisha. Nilijiambia, mwongo hawezi kukumbuka soksi.

Aliyeniletea habari hizo ni Barisa, rafiki yangu wa darasa la nne. Barisa alikuwa amefika Malindi mara moja, kwa siku moja, kutibiwa sikio, akarudi Garsen akijua kila kitu kilichomo duniani isipokuwa hesabu. Mpaka leo nikikamua ndimu juu ya samaki, harufu ile ikinipanda puani, huwaona mitamba wakishuka mmoja mmoja na soksi zao nyeupe, na mimi nimesimama chini na kamba tisa mkononi. Mke wangu huniuliza nacheka nini na samaki. Humwambia ni mwiba.

Lakini wakati ule sikuwa nacheka. Ukame ulikuwa umetupitia kama ufagio. Ng'ombe wetu, ambao mimi husema walikuwa mia tano na mama husema walikuwa thelathini na wanne, walikwisha wote. Baba akabaki na fimbo. Akaingia udalali pale soko la ng'ombe la Garsen, akiuza ng'ombe wa watu. Sasa kwetu sisi Waorma, mwanamume kushika fimbo bila ng'ombe mbele yake ni kama mtu kuvaa kofia aliyoachiwa na marehemu: kila anayekutana naye humpa pole kwa macho. Wavulana wenzangu hawakuwa na pole. "Godana, ng'ombe wenu wako wapi?" waliniuliza kisimani, kisha wakajijibu wenyewe kwa pamoja, "Wako mdomoni kwa babako!"

Kila jioni baba alikwenda kwenye zizi letu tupu, akalizunguka polepole, na palipokuwa pamedondoka tawi la miiba alilirudisha mahali pake. Alifunga ua usiokuwa na kitu ndani. Mimi nikimtazama kutoka mlangoni nilikuwa nikiomba jambo moja: mtamba wa kutia mle. Mmoja tu. Hao wanane wengine walikuja baadaye, kwa tamaa.

Pale Garsen palikuwa na Bwana Shee, mtu wa Kipini, aliyekuwa na duka dogo la madaftari, kalamu na sukari. Sukari ndiyo iliyomlisha. Stempu ndizo zilizomfurahisha. Alikuwa na albamu tatu nene, kioo cha kukuzia, na kibano chembamba, maana stempu hakuishika kwa vidole hata siku moja. Nikitumwa sukari nilikaa pale mpaka mama akatuma mtu mwingine kunitafuta. "Itazame mgongo kwanza, mwanangu," alinifundisha. "Uso humpendeza kila mtu." Akaigeuza, akatafuta mahali karatasi ilipochunika. Akahesabu meno ya pembeni, moja likikatika alisikitika kama limetoka kinywani mwake. Akaiinua kwenye mwanga aone kama ina alama iliyojificha ndani ya karatasi. Mwisho kabisa aliweka kioo juu ya muhuri, akasoma taratibu jina la posta, Lamu, Witu, Hola, kila jina akilionja kama kahawa ya moto. Nilidhani husoma kwa sababu ya upweke.

Siku moja nikamwambia kwamba mama ana barua tisa za baba, za zamani, baba alipokuwa kijana akiwasaidia wachanja ng'ombe huko upande wa juu wa mto. Baba hakujua kuandika; alikuwa akimpata mwanafunzi wa kumwandikia.

"Zilitiwa posta wapi?" akauliza.

Nikamtajia kijiji kimoja ambacho posta yake, nilisikia, ilikuwa chumba kimoja tu, ikafunguliwa muda mfupi, ikaondoka na mafuriko kabla sijazaliwa.

Bwana Shee akaweka kikombe chini, akaniita karibu kwa lafudhi ya kwao. "Weye! Ndoo hapa. Unasema kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Basi niletee, na bahasha zake. Vilevile zilivyo. Usizitie maji, usizitie mkono. Umenisikia, Godana? Vilevile."

Nilimsikia vizuri sana. Shida ni kwamba nilikuwa mtoto wa dalali. Mara mia, au tuseme mara kumi, nilimsikia baba akisema: mnunuzi akikwambia usimwoshe ng'ombe, ujue ameshapanga kumtoa kasoro. Kila siku ya soko nilimwona akichukua dume lililojaa matope, analiteremsha majini, analisugua mpaka mgongo unang'aa, anazichonga kwato zilizopinda, analipangusa uso. Dume liliingia mtoni maskini likatoka bwana harusi. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Na jambo lingine alilonifundisha: ng'ombe mwenye chapa ya mtu mwingine hauziki bila barua ya chifu. Nikafikiri, na muhuri wa posta ni nini kama si chapa ya serikali? Nikamwuliza Barisa. Barisa akanitazama kwa huruma. "Ukiuza na chapa, askari watakufuata mpaka kwenu. Halafu hujiulizi, kwa nini huyo Shee anazitaka chafu? Anataka akulalie bei, azisafishe mwenyewe, apeleke Ulaya."

Hapo hata Shetani asingeongeza neno.

Nikamwomba mama bahasha. Mama alifungua sanduku lake, akatoa barua moja moja, akazikunja akazirudisha, akanipa bahasha zake tupu. "Chukua ganda," akasema, "tunda niachie mimi." Hakujua kusoma, lakini kila barua aliitambua kwa mikunjo yake.

Nilifanya kazi siku nne nyuma ya nyumba. Nilizilowesha bahasha kwenye sufuria mpaka stempu zikajibandua zenyewe, zikaelea, nzuri ajabu, zina picha za makombe ya baharini. Bahasha zenyewe nikazikausha, mama akawashia moto wa chai. Kisha nikaingia kwenye chapa. Nilikamua ndimu za Tarasaa nzima, kijiji jirani. Nilitia jivu. Nilisugua kwa mswaki mpya, taratibu, kwa duara, kama baba anavyosugua bega la ng'ombe, na ule wino mweusi uliokuwa umekaa miaka yote hiyo ukaanza kuachia, ukageuka kijivu, ukaondoka. Makombe nayo yalififia kidogo, kana kwamba bahari imekupwa. Meno yaliyokuwa hayalingani niliyachonga kwa wembe kama kwato. Mwishoni nikapaka migongo gundi ya mgunga, ile tuliyozoea kuitafuna, ili zionekane hazijawahi kutumika. Nilipozipanga juani, ndugu zangu, nilijua kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kuandaa mali kama ile.

Bwana Shee alizipokea kwa mikono miwili. Hakuchukua kibano. Hakuchukua kioo. Alizitazama muda mrefu hivi kwamba mteja mmoja aliingia, akasubiri, akaondoka.

"Na bahasha?" akauliza.

"Tulichemshia chai."

Akafunga macho, akayafungua. "Umezisafisha kweli kweli," akasema.

"Kama mpya!"

"Kama mpya," akakubali. Akanipimia kilo mbili za sukari, akaongeza daftari na penseli mbili, akaziweka zile stempu ndani ya kitabu, akakifunga.

Nikasubiri. "Na mitamba?"

"Mitamba gani tena?"

Nikatoka pale nikilia, na mji mzima ukasikia kwa nini. Niliwaambia watu kwamba Mkipini amekula mitamba wetu tisa. Miezi michache baadaye alipoezeka duka lake kwa mabati mapya, mimi na Barisa tukamhesabia kwa sauti kutoka barabarani: bati hili mtamba mmoja, bati lile mtamba wa pili. Watoto wakambandika jina Bwana Mitamba. Akipita wanalia kama ndama. Yeye aliinua mkono, akapita.

Habari zikamfikia baba. Akachukua fimbo yake, akaenda dukani, nami nikamfuata kwa mbali nikiwa na furaha, maana niliijua fimbo ile. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, fimbo ilikuwa kwapani. Alinipita, kisha akarudi nyuma, akaniwekea mkono kichwani, tukaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hakunichukua tena kumshikia kamba akiosha ng'ombe wa soko. Nilidhani ameniona sifai. Hilo liliniuma kuliko mitamba.

Mtamba mwenyewe alikuja baada ya miaka miwili, kwa njia ya kawaida kabisa: jamaa za baba walikaa, wakakumbuka mwenzao ameishiwa, wakampa mmoja, kama ilivyo desturi. Alikuja kwa miguu, hana soksi. Baba akamtia zizini, na mimi nikatolewa shule nimchunge. Ndiyo maana herufi zangu nyingine nilikutana nazo ukubwani, katika darasa la ngumbaru, jioni, nikiwa nimekaa kati ya mzee aliyesinzia na mama aliyekuwa akinyonyesha. Na ni huko, mwalimu alipotuonyesha bahasha na kutueleza kwamba muhuri wa posta husema barua ilitoka wapi na siku gani, nilipoweka kalamu chini na kuzikumbuka ndimu zangu.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilimaliza ngumbaru, nikapata cheti, na wiki iliyofuata nikaenda Kipini. Bwana Shee alikuwa amerudi kwao. Nilimkuta barazani, amezeeka, albamu zake bado ziko hai.

"Bwana Shee, mimi Godana. Nimekuja kudai mitamba wangu."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wallahi ulinitia adabu, weye! Mpaka leo nikisikia ndama analia, mimi huitika."

Nikamwuliza kwa nini siku ile hakuniambia kwamba nimeziharibu. Akaacha kucheka.

"Babako alinikataza. Alikuja siku ile na fimbo, nikamweleza. Akaketi juu ya gunia la sukari. Akanambia, 'Mtoto amefanya anayoniona mimi nikifanya kila siku ya soko. Ukimwambia, atajichukia yeye, au atanichukia mimi. Tafadhali, akuchukie wewe.' Nikasema haya. Mimi mgeni Garsen, kuchukiwa na mtoto mmoja hakuzuii sukari kuuzika." Akanitazama. "Kumbe mlikuwa wengi. Lakini nilikuwa nimeshaahidi."

Niliuona ule mkono juu ya kichwa changu, ambao miaka yote nilikuwa nimeuhesabu kama mkono wa mtu aliyeshindwa kunidaia haki yangu. Kumbe baba alikuwa amenilinda na hasara moja kwa kuibeba yeye, na akamwomba mtu wa mbali aibebe pamoja naye, na wote wawili wakaibeba huku mimi nikiwalilia kama ndama. Niliogopa kuuliza swali lililobaki. Nikauliza.

"Kama ningezileta vile ulivyoniambia, zingefika wapi?"

Bwana Shee hakuwa mtu wa kupamba. "Mtu wa Mombasa alikuwa akizitafuta. Kwa zote tisa na bahasha zake, babako angepata mtamba."

"Mmoja?"

"Mmoja. Hakukuwa na mzungu, Godana, wala ndege. Stempu zenyewe zilikuwa za kawaida, kila posta ilikuwa nazo. Mimi nilikuwa nanunua muhuri."