Visumari vya Springi

"Na sasa hivi paka wangu yuko juu ya mti, anatetemeka, na huyo mbwa wako amekaa chini anamsubiri kama anamdai. Mimi nimechoka, fundi. Nasema nimechoka. Unanisikia au unajifanya hunisikii?"

Fundi alikuwa anamsikia vizuri sana. Shida ni kwamba mdomo wake ulikuwa umejaa visumari. Mtengeneza makochi ndivyo anavyofanya kazi: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, visumari vinakaa mdomoni na ulimi unavitoa kimoja kimoja. Ukiachia kitambaa ili umjibu mtu, kinajikunja chote na unaanza upya. Kwa hiyo akanyanyua kidole, maana yake subiri kidogo mzee wangu. Jirani akakiangalia kile kidole, akakipa maana yake mwenyewe, akageuka akaenda zake huku anaongea peke yake.

Hata siku ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Jirani alipohamia alikuja kusalimia, shati limenyooka, viatu vinang'aa, akasimama mbele ya banda akatoa salamu yake ya heshima. Fundi, mdomo umejaa, akaguna "mmh" na kutikisa kichwa. Sasa yule mzee alikuwa mhasibu maisha yake yote, amestaafu juzijuzi tu, amezoea watu kusimama akipita. Aliona amedharauliwa na mtu wa gundi na mbao. Jioni fundi akamfuata kwake kuomba radhi, akaambiwa Mhasibu amelala, na jua bado liko juu. Mke wa fundi akamwambia aende tena kesho yake. Hakwenda. Alisema mtu mzima na mvi zake hawezi kununa kwa ajili ya visumari. Kumbe anaweza, tena ananuna vizuri kuliko mtoto.

Mtaa mzima unamwita huyu fundi Springi. Kwanza kwa sababu ya kazi, pili kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi na akitembea anadundadunda. Jina halimsumbui. Kinachomsumbua ni banda. Nyumba yake ina vyumba viwili, na kochi la watu watatu halipiti mlangoni hata ulisimamishe wima. Kila kitu kiko bandani: fremu, sponji, mashine ya kushonea, marobota ya vitambaa. Ukimwondolea lile banda umebakiza mtu mwenye nyundo tu, na watu wenye nyundo wamejaa.

Na nusu ya banda iko kwenye kiwanja cha jirani. Huo ndio ukweli wenyewe, wala fundi hakuwahi kuubisha. Zamani pale alikuwa anakaa bibi mmoja, mjane, na ndiye aliyemwambia jenga tu mwanangu, mimi hapo nalima nini. Walimalizana kwa mdomo, fundi akamtengenezea kiti cha kuegemea cha bure, bibi akakikalia mpaka alipofariki. Watoto wake wakauza. Mhasibu akanunua kiwanja pamoja na nusu ya banda, na ramani anayo, imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Ila ugomvi haukuanza na ramani. Ulianza na wanyama.

Springi alikuwa na mbwa anaitwa Meneja. Mbwa wa kahawia, sikio moja limeanguka, hana kabila. Aliitwa Meneja kwa sababu kila kochi likiisha yeye ndiye anayelizunguka, analinusa pembe zote, halafu anajilaza mbele yake kama ameshasaini. Kazi yake ilikuwa panya, maana panya wanapenda sponji kuliko chakula. Na kochi likienda kwa mteja, Meneja anapanda nyuma ya gari pamoja nalo, anakaa juu yake kama bosi, upepo unampiga usoni. Hakuna barabara ya mji huu ambayo hajaipita.

Mhasibu yeye alikuja na paka. Paka mweupe, manyoya marefu, ana kengele shingoni, analala ndani na anakula samaki wa kopo. Alikuwa anaongea naye kuliko anavyoongea na watu. Na yule paka, pamoja na uzuri wake wote, alikuwa na tabia moja: akiona kitambaa kipya lazima akikwangue. Wiki ya kwanza tu alichanachana mkono wa kochi la watu, mteja akalikataa. Springi akaenda kusema, kwa upole kabisa. Mhasibu akamjibu kwamba paka wake anakaa kwenye makochi ya maana nyumbani kwake na hajawahi kuyagusa, labda fundi anatumia vitambaa vya ovyo.

Basi Meneja akaongezewa kazi. Kila paka akikanyaga banda, anatimuliwa mpaka mtini. Na kila akitimuliwa, Mhasibu anakuja. Mwishowe akaja na ramani.

Waliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Aliwasikiliza huku anapanga minyororo kwenye ndoano. Springi alieleza mambo ya bibi marehemu, ya kiti cha kuegemea, ya kitambaa kilichochanwa. Alieleza sana mpaka akaanza kurudia. Mhasibu alisema maneno machache tu, tena kwa sauti ya chini.

"Mbwa akiondoka, banda libaki. Mbwa akibaki, banda liondoke. Achague mwenyewe."

Mwenyekiti akaacha minyororo, akamwangalia fundi.

"Springi, mwanangu, hapo umeonewa huruma. Kubali kabla mzee hajabadili mawazo."

Akakubali. Angefanya nini? Aliporudi nyumbani akamwambia mkewe, na mkewe hakugombana naye, aliendelea kuosha vyombo. Baadaye kidogo ndiyo akasema, kama anaongea na sufuria, "Mbwa hana ofisi ya kwenda kulalamika. Ndiyo maana yeye ndiye anahamishwa."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyejitolea kumchukua. Anakaa nje ya mji upande wa machimbo ya kokoto, huko mbwa wanahitajika. Akaja na pikapu. Springi alishaandaa maneno ya kumbembeleza Meneja apande, hayakuhitajika. Mbwa aliona gari, akajua ni safari ya kupeleka kochi, akaruka mwenyewe akakaa nyuma, ulimi nje, anawaangalia kama vile anasema twendeni basi mnangoja nini. Fundi akamfunga kwa ule mkanda mnene wa kushikilia springi. Shemeji akasema usijali, shem, kule atanenepa. Gari likaondoka. Mpaka linakata kona, Meneja alikuwa bado anatafuta kochi liko wapi.

Ikawa amani. Kweli kabisa, amani ilikuwepo. Mhasibu akaanza kusalimia tena, na Springi akijua anakuja anatema visumari vyote mkononi, anasimama, anaitikia vizuri na kuuliza habari za usiku. Siku moja wakaongea mpaka habari za mvua. Mke wa Springi akawa anawaangalia dirishani.

Lakini paka naye aliiona hiyo amani. Akahamia bandani. Springi akawa anafunika makochi kwa nailoni, paka anapenya chini ya nailoni. Anamfukuza kwa upole, shuu, shuu, huku anachungulia kama mwenye paka anamwona. Kila siku alikuwa anashona upya kitu alichokimaliza jana. Kwenda kulalamika hawezi, maana atalalamika kwa nani, na kwa mdomo gani? Akawa anakonda. Wateja wakimuuliza kazi imefikia wapi anasema kesho, na yeye mwenyewe alishachoka kuisikia hiyo kesho.

Wakati huo alikuwa na kazi moja kubwa, seti ya makochi ya mahameli ya bluu ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kazi ya kumtoa kabisa kwenye matatizo. Asubuhi ile alikuwa anamalizia mgongo wa kiti kidogo, kochi kubwa liko tayari pembeni, na paka amelala katikati yake, mweupe juu ya bluu, anakoroma. Fundi alimwona, akasema moyoni acha alale, akilala hakwangui.

Halafu akaona kitu kinakuja barabarani, kinachechemea.

Hakukitambua mara moja. Mbavu zinahesabika, miguu ina vidonda, shingoni kuna kipande cha mkanda kimetafunwa. Lakini lile sikio lilikuwa lilelile. Meneja hakumwangalia hata yeye. Aliingia bandani kama mtu aliyechelewa kazini, akasimama, akanusa hewa, macho yakaenda moja kwa moja kwenye kochi.

Springi alijua kinachokuja. Aliachia kitambaa, akafungua mdomo amwite, na mdomo ulikuwa umejaa visumari. Vingine vikamwagika, vingine vikamchoma ulimi, kimoja kikakwama kooni, akainama anakohoa na kutema. Aliponyanyua kichwa kengele ilikuwa imeshanyamaza, paka hapumui tena. Meneja alikuwa amejilaza mbele ya kochi, kama zamani, kama ameshasaini.

Mhasibu alikuja bila kiatu kimoja. Fundi alijiandaa kwa matusi, na laiti yangekuja. Mzee aliangalia tu, akakaa kwenye lile kochi, akampakata paka wake, akawa anamnyoosha manyoya taratibu, ya mgongoni, ya shingoni, kama anamwandaa kwenda mahali. Mikono yake ilikuwa ya kizee kuliko fundi alivyowahi kuiona.

"Ungemwita tu," akasema. "Ni mbwa wako. Angekusikia."

"Nilitaka kumwita, mzee wangu. Nilikuwa na visumari mdomoni."

Alipoyasema hayo alisikia mwenyewe yanavyosikika. Mhasibu akatikisa kichwa polepole.

"Na siku ile nilipokuja kukusalimia vilikuwa visumari."

Mdomo wa fundi ulikuwa mtupu kabisa, una damu kidogo. Mzee akasimama, paka mkononi, akasema banda liondoke, na mbwa sasa wamfanye wanavyotaka, yeye hana habari naye tena. Akatoka, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Mke wa fundi alisema waende wote wawili kwa mzee wakapige magoti. Springi akasema kwa lipi. Mwenyekiti alipita, akaangalia doa kwenye mahameli, akamshika fundi bega, akaendelea na safari yake. Mchana fundi akapanda ngazi akaanza kung'oa bati mwenyewe, maana aliona bora mkono wake kuliko wa vibarua wa mtu. Misumari ya bati aliinyoosha mmoja mmoja akaiweka kwenye kopo. Ya kujengea nini, hata yeye hakujua. Mazoea tu. Hadi siku iliyofuata ilikuwa imebaki mifupa ya nguzo, na makochi yamekaa juani uwanjani kama watu waliofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

Simu ikaita. Kuna mama alikuwa na kitanda kimekatika katikati, mtaa wa mbali, anauliza kama fundi anaweza kuja kukitengeneza hukohuko nyumbani kwake. Fundi akasema anaweza. Sasa anaweza kwenda popote, hana banda la kumshika.

Akafunga nyundo, mkasi na kamba kwenye mfuko, visumari akavitia mfukoni mwa shati. Mkewe akamuuliza mvua ikinyesha haya makochi atayaweka wapi peke yake. Akamwambia afunike kwa nailoni. Akamuuliza na mwalimu mkuu akija. Akaenda kutafuta kofia.

Meneja akanyanyuka kwenye kivuli cha nguzo, akajinyoosha, akaanza kuchechemea nyuma yake, anajua ni safari.

"Kaa," Springi akasema, wala hakupaza sauti.

Mbwa akakaa papo hapo. Fundi akamwangalia pale alipokaa, sikio limeanguka, anasubiri neno jingine. Halafu akageuka, akaenda kwa yule mama wa kitanda, anadundadunda na mfuko wake begani.