Kichaka cha Maziwa na Mkoba wa Bibi

Enzi zetu, mtoto aliyetaka kuujua mti hakuuliza simu. Aliuliza pua yake, vidole vyake na bibi yake.

Kwetu ni Kunduchi, chini ya kilima cha mawe, na Mwingereza alikuwa bado anatawala. Kiangazi kilipokausha kila kitu, kichaka kimoja tu kilichanua kule juu: shina limevimba kama chupa, jani hata moja hakuna, maua ya waridi yanang'aa. Tulipanda pekupeku, tukarudi magoti yamechubuka na njaa ya kumaliza sufuria nzima ya mihogo ya nazi. Bibi, mganga wa mitishamba, alitufundisha mimi na binamu yangu Tatu: "Ua lisikudanganye. Vunja kitawi, ungoje. Kikitoa maziwa, kiache, kanawe mikono." Mmoja wetu angerithi mkoba wake wa dawa. Tatu aliutaka kuliko nguo ya Idi.

Siku moja tulitumwa kukata majani ya mbuzi. Kwa uvivu, nikakata matawi ya kile kichaka.

"We Saidi, umevunja ukangoja?" Tatu akauliza.

"Mie nasoma shule, bibie. Ua tu hilo."

"Haya, msomi. Kula wewe kwanza tukuone!"

Tukacheka. Jioni mbuzi jike akatokwa povu, akaanguka, akafa. Bibi alipouliza nani kakata, nikasema ni Tatu.

"Muongo huyu, Bibi!" Tatu alilia. Lakini mimi ndiye niliyesifiwa akili, nikaaminiwa.

Mwezi mzima Tatu hakupanda kilima. Alibaki akitwanga, hasemi nami. Kisha Bibi akaniita, akanivika mkoba begani. Ulikuwa mwepesi, ila nikashindwa kusimama nao.

"Bibi, si Tatu. Ni mimi."

Akanizaba kofi moja, akanivua mkoba, akamfuata Tatu kwenye kinu. "Niwie radhi, mjukuu wangu. Mkoba wako huu."

"Na huyu je?"

"Huyu atakubebea jembe la kuchimbia mizizi."

Nililibeba miaka mitatu, kwa furaha kuliko nilivyostahili.

Siku hizi kichaka kama kile kinauzwa kwenye vyungu kando ya barabara. Wajukuu wangu hukielekezea simu, jina la Kizungu likatokea, wakaridhika, wakapita. Siwalaumu, wanajua mengi nisiyoyajua. Ila Tatu alipofariki, tuliuliza ukoo mzima nani atauchukua mkoba, na kila mmoja akainama kutazama simu yake.