Kambale wa Kisima cha Koko

Harufu ya javeli, ile dawa ya klorini, ilinipiga puani juzi, pale Mangobo, mara tu niliposhuka kwenye pikipiki. Kipindupindu kimerudi. Serikali ya jimbo imeweka ndoo za kunawia kila kona, na vijana wa dawa wanapita nyumba kwa nyumba kutibu visima. Watu wananawa, wananung'unika, wanaendelea na safari zao. Mimi niliinama kando ya mtaro nikatapika. Dereva alidhani nina mimba. Kaa basi, rafiki yangu, nikueleze.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na nyanya yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita koko. Asubuhi alitwanga ndizi za lituma, na mlio wa kinu chake ulifika hadi barabarani. Mimi nilifagia ua, nikachambua pondu, yale majani ya muhogo, nikachota maji. Niliupenda ule ua, sitaki kukudanganya. Ndani ya kisima aliishi kambale mmoja, ngolo mweusi, mnene. Karibu kila kisima cha mtaa kilikuwa na wake. Alikula viluwiluwi vya mbu, na tena alikuwa mlinzi: samaki akiwa hai, maji ni mazuri; akifa, kuna mtu ametia sumu. Hilo hakuna aliyelibishia.

Kipindupindu cha mwaka ule kiliingia kupitia kwenye mitumbwi. Wagonjwa walibebwa kwenye baiskeli, miguu inaning'inia. Waliokufia kwenye hema la serikali walirudishwa ndani ya mifuko ambayo hata mama mzazi hakuruhusiwa kuifungua. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mkuu wa komini alipoita mkutano, muuza samaki mmoja alisimama akamuuliza habari ya mabomba ya maji, "Robinet zetu zimekauka miaka mingi, hamukukuya. Leo munaleta dawa. Maji yenyewe iko wapi?" Yule bwana akajibu kwamba visima vyote vitatiwa dawa, na atakayekataa atafungwa. Halafu akapanda gari lake. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kazi ya kutia dawa mtaani kwetu alipewa mwalimu wangu wa shule, kwa sababu alijua vipimo. Alikuwa mtu mpole, aliyetufundisha kuhesabu kwa vizibo vya chupa. Alifika kwetu mchana, ndani ya ovaroli nyeupe, koko akiwa sokoni. Akaniambia, "Mwana, toa kwanza ngolo, hii dawa itamuua. Namaliza kwa jirani, kisha nakuya kwenu." Niliteremsha ndoo mara mbili, samaki akakwepa. Huko nje wasichana wenzangu walikuwa wanacheza nzango, makofi yanalia, miguu inarushwa, na zamu yangu ilikuwa imefika. Nikaenda. Mwalimu aliporudi akaniuliza, "Umeshamutoa?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. Akatia dawa.

Kesho yake asubuhi jirani yetu, fundi cherehani, alikuja kuchota maji, akakuta ngolo anaelea, tumbo juu. Akamshika mkia, akatoka naye barabarani. Hakuhitaji kusema mengi. "Wanatuua," alisema, na watu wakatoka majumbani na fimbo, na matofali, na minyororo ya baiskeli.

Mwalimu alikuwa nyumba tatu mbele yetu. Tofali la kwanza lilimpata kichwani. Alipoanguka walimvua ovaroli, wakampiga minyororo mgongoni mpaka ngozi ikaachana na nyama. Hao ni watu niliowajua, rafiki. Ni akina tonton, wajomba wa mtaani, walionibeba kwenye baiskeli. Mmoja alimkanyaga shingo, mwingine akamshindilia ile dawa mdomoni kwa bomba lake mwenyewe, na alipogeuza uso ikammwagikia jichoni. Alilia sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu. Mimi nilikuwa hapo. Ningesema maneno matatu tu: ni mimi nimedanganya. Niliogopa, nikafunga mdomo.

Koko ndiye aliyepenya katikati na ndoo ya maji ya kisima chetu. Alijaza kikombe akanywa, akajaza tena akanywa. "Kama ni sumu, nife hapa mbele yenu," akasema, akaketi chini karibu na mwalimu. Wakasimama kumtazama, wakingoja afe. Wakati wanangoja polisi walifika, wakapiga risasi hewani, wakatucharaza sote, na koko naye. Alivunjwa mkono.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu alikuja kwetu na mkungu wa ndizi. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa. Mapigo yalikuwa yamemfutia kumbukumbu yote ya siku aliyotia dawa kwetu. Akapiga magoti akasema, "Koko, unisamehe. Nilisahau kutoa ngolo." Koko alimsamehe, akazitwanga zile ndizi. Nilikula.

Kwa hiyo juzi, baada ya kutapika, nilikwenda Kabondo, anakoishi mwalimu na binti yake. Nilimkuta amekaa na vijana wawili wa dawa, anawaonya: anzeni na samaki, mimi nilisahau. Walipoondoka nikamwambia yote: ndoo, nzango, ile "ndiyo" yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono.

"Asante, mama," akasema. "Koko alikulea vizuri. Unataka kunipunguzia muzigo. Lakini kosa ni yangu."

Nikaapa. Nikaapa tena, nikilia. Akanipigapiga begani kama unavyombembeleza mtoto, akamwambia binti yake aniletee chai.

Koko alishakufa. Kisima kilifukiwa, wamejenga juu yake, wala mlio wa kinu chake siusikii tena. Siku ile kwenye kisima tulikuwa wawili tu, mimi na mwalimu. Wa kunisadiki hayupo.