Laktometa Ilipomshitaki Bosco

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha jibini, Mkuu wa Mapokezi alinipa buti mbili za mguu wa kushoto, akaniambia nivumilie hadi stoo ifunguliwe. Stoo ilifunguliwa Ijumaa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wazazi walikuwa wametutoka, mimi nilikuwa mkubwa wa watoto watano, na darasa la sita nililiacha katikati. Nilivaa buti zile nikafanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea maziwa. Wakusanyaji wetu, wafanyakazi wa kiwanda wenye baiskeli, walipita kwa wafugaji asubuhi na kuleta maziwa katika bidoni za alumini. Wengine walitoka mbali, Bugeshi na Mudende. Wengine mashamba ya karibu, nje kidogo ya mji wa Gisenyi. Nilifungua kifuniko, nikanusa, nikaonja tone, nikamimina. Pua iligundua maziwa yaliyochacha, lakini maji haikuyagundua. Na kwetu humwulizi mtu usoni kama ametia maji katika maziwa. Ni tusi ambalo hata wajukuu watalikumbuka. Kwa hiyo jibini lilipoanza kuwa laini mno, hakuna aliyeuliza. Watu walinong'ona tu, kila mkusanyaji akimtazama mwenzake kwa pembeni.

Ndipo Mkurugenzi, aliyekuwa amerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka kuliko chetu sote, alipoleta laktometa. Ni bomba la kioo lenye uzito chini na namba shingoni, nalo huelea ndani ya maziwa. Maziwa mazito hulisukuma juu. Yakitiwa maji, linazama.

"Mashine haina shangazi," alituambia uani. "Haitampendelea mtu wala kumwonea. Ishirini na nane kwenda juu, maziwa ni mazima. Chini ya hapo mara tatu, mkusanyaji anaondoka."

Nilipewa kazi ya kusoma kipimo na kukiandika ubaoni kwa chaki, mbele ya wote. Nakiri niliipenda laktometa ile. Minong'ono ilikwisha ndani ya wiki chache, na watu waliokuwa wakisalimiana shingo upande wakarudi kutaniana.

Kisha ikaja zamu ya Bosco. Njia yake ilikuwa ya karibu, na katika wakusanyaji wote hakuna aliyekuwa mwangalifu kama yeye. Alifunga bidoni zake kwa blanketi na kukanyaga baiskeli kwa nguvu ili maziwa yafike na joto la ng'ombe. Nyumbani kwetu maziwa ya namna hiyo, inshyushyu, ndiyo heshima ya mgeni. "Mi naleta maziwa ya kupokea nayo bakwe siku ya harusi," alizoea kujigamba, "hapana ya kunawisha miguu."

Wiki ile baridi ilizidi, akaongeza blanketi la pili. Jumatatu laktometa ilisoma ishirini na sita. Jumanne pia.

"Soma tena, dada," aliniambia.

Nilisoma tena. "Ishirini na sita, kaka."

"Bon. Andika." Kisha akashusha sauti. "Lakini maji sikutia, Konsolata. Niko na watoto. Ile kitu siwezi kufanya."

Mchana ule Mkuu wa Mapokezi alinifuata kwenye karo. "We Konso, kesho kioo kikisema ishirini na sita, jicho lako lione ishirini na tisa. Bosco ni mutu muzuri."

"Nikimwandikia uongo mtu mzuri, mkuu, kesho kutwa mbaya naye atakuja kuomba wake."

"Ah! Kichwa kama jiwe la volkano!" akasema, akaenda zake.

Nilibaki nikiiosha laktometa. Chini ya zile namba kulikuwa na nyingine ndogo, ishirini, yenye kiduara na herufi C. Kwa miezi miwili nilidhani ni alama ya waliotengeneza. Lakini kiduara kile nilikijua. Kilikuwa pia kwenye kipimajoto cha sufuria kubwa ya jibini. Kwa nini kifaa cha kupima uzito kitaje joto? Nikaenda kuutazama ubao. Bugeshi, saa mbili njiani kwenye baridi: thelathini. Mudende: thelathini. Mashamba ya karibu: ishirini na tisa, ishirini na nane, na Bosco ishirini na sita.

Jumatano nilisoma ishirini na sita, nikaiandika. Mkurugenzi alikuwa tayari uani, barua ya kumwachisha Bosco kazi mkononi.

"Naomba bidoni hii isimwagwe, Bwana Mkurugenzi. Nipe saa mbili."

"Za kufanya nini?"

"Sijui bado."

Aliikunja barua akaitia mfukoni. "Saa mbili," akasema.

Tuliizamisha bidoni kwenye birika kubwa la maji baridi, kifuniko kimekazwa. Bosco aliketi kando yake kama mtu anayeuguza mgonjwa. Saa mbili zilipotimia, nilikoroga, nikachota, nikaitumbukiza laktometa mbele ya wote. Ilisimama karibu na thelathini.

"Maji hayawezi kutoka yenyewe ndani ya maziwa," nikasema. "Kilichotoka ni joto."

Mkurugenzi alisoma kwa macho yake, mara mbili, akaichana barua. "Bosco, nisamehe," alisema. "Ulikuwa ukikimbia kwa ajili ya kazi yangu, nami nikakuita mwizi."

"Haina shangazi," Bosco akajibu, "lakini iko na homa." Ua mzima ukacheka, naye akajifuta macho kwa blanketi la bidoni.

Tangu siku ile tulipima joto kwanza, na aliyeleta maziwa alishika kifaa kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye nilihamishiwa maabara, kisha nikawa Mkuu wa Mapokezi katika kituo cha Mudende, chini ya wakurugenzi wawili zaidi: mmoja alipenda matangazo ya ukutani, mwingine alipenda kamera. Kila kifaa kilipokuja niliomba karatasi yake ya maelezo, na mdogo wangu aliyesoma alinifafanulia Kifaransa.

Nimestaafu. Majuzi nilitembelea kiwanda, na afisa wa utumishi akanionyesha kwa fahari mashine ya kusoma vidole inayoandika nani amefika kazini. Akaniandikisha kwa mzaha, akaniambia nibonyeze. Nilibonyeza mara tatu. Soda ya kuoshea bidoni imevilainisha vidole vyangu kama kokoto za ziwani.

"Inasema haupo, mama!" alicheka.

Nikamwuliza kama waosha bidoni wote huandikwa kuwa wamefika.

Akaacha kucheka. Akafungua orodha ya mwezi, akaipitia kwa kidole chake kutoka juu hadi chini, akisimama kila penye "hakufika" mbele ya majina yao, kisha akatoka mlangoni kuwaita.